Watu Kumi na Tisa Walio Hai

Hakuna kazi chini ya jua la Nuu ambayo Muthama hangeimaliza kwa mistari ishirini ya kompyuta, na hakuna mistari ishirini ya Muthama iliyowahi kukosea. Maneno haya aliyasema mwenyewe, mlangoni pa jiko la mama yake, mguu mmoja juu ya kinu: kijana mrefu, mwenye kifua, mwaka wa tatu chuo kikuu, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mwaitu, weka hiyo kalamu chini," alimwambia mama yake. "Siku hizi kalamu ni ya kukunia mgongo."

Syombua hakuiweka. Alikuwa ameinamia daftari la kisima cha Wendo, pua karibu iguse karatasi, kwa maana macho yake yalikuwa yameanza kumdanganya. Miaka kumi na mmoja alikuwa katibu wa kisima hicho, na kwa miaka hiyo yote ufunguo wa mfereji ulining'inia shingoni mwake kwa uzi wa katani. Kazi haikuwa na mshahara. Ilikuwa na ufunguo tu. Lakini katika kijiji ambacho ukitaka maji mengine yasiyo ya Wendo utembee kilomita tisa na punda, ufunguo si kitu kidogo. Watu walimwita Mama Kifunguo, na hata waliomchukia walimchukia kwa adabu.

Kila mwezi aliandika orodha mpya: nyumba mia mbili na kumi na mbili, siku ya kila nyumba, mitungi minne kwa kila zamu. Mwezi uliopita macho yalimchelewesha siku mbili, na mwenyekiti, Mzee Kasyoki, akatamka mbele ya watu kwamba orodha ikikosekana tena Jumatatu, ufunguo utaenda kwa Kavata, mke wa mwanawe, ambaye macho yake yanaona hadi mjini Mwingi.

"Nipe hilo daftari," alisema Muthama. "Siku tatu zako mimi nazifanya sekunde tatu. Si hiyo ndiyo tunasoma chuoni?"

"Mimi nilidhani mnasoma mambo ya Mungu," alisema Syombua.

Hapo panahitaji maelezo.

*

Muhula uliopita Muthama alimpigia mama yake simu akamweleza kwamba sasa wanafundishwa zile lugha za kuandikia skripti, za kuifanya kompyuta ijitume yenyewe bila mtu kubonyezabonyeza. Syombua akauliza skripti ni nini. Muthama akajibu, "Ni maandiko, mwaitu. Tunasoma lugha za maandiko." Alipotaka kuongeza "ya kompyuta," mtandao ukakatika, kama unavyokatika Nuu kila mtu anapofika penye maana.

Jumapili iliyofuata Syombua alisimama kanisani kutoa ushuhuda: mwanawe anasoma lugha za Maandiko, zile zenyewe, za mwanzo. Mchungaji Thuo, mtu wa kutoka Nyeri aliyekuja Nuu kwa miezi sita akakaa miaka kumi na minne, aliinua mikono. Yeye chuo chake cha Biblia kilikuwa cha wiki tisa, na Kiebrania hakikufikiwa.

Kwa hiyo kijana alipokuja likizo, mchungaji alimwita mbele. "Tusomee kidogo, Muthama. Ile lugha ya manabii."

Mtu mwingine angesema ukweli. Muthama hakupenda kuvunja watu moyo. Alifumba macho, akainua uso kwenye mabati, akatamka taratibu, kwa sauti ya kifuani, mistari ya skripti yake ya kompyuta: "Impoti o-esi. Impoti ri. Impoti si-es-vi."

"Amina!" kanisa likaitikia.

"Kwa kila ai ndani ya renji..."

"Amina!"

Mama mmoja safu ya tatu alilia. Na Mzee Kasyoki, ambaye siku zote alimwamini Mungu kuliko alivyomwamini Syombua, akasema baada ya ibada kwamba ikiwa kijana ana ujuzi huo, basi orodha ya kisima iandikwe na yeye, nayo haitapingwa na mtu. Ndiyo maana daftari likatoka mikononi mwa Syombua. Halikutoka kirahisi. Muthama alilivuta, mama akalivuta, kisha mama akaachilia.

*

Daftari lenyewe lilikuwa la ajabu. Syombua hakuandika majina mawili mawili kama watu wa serikali. Aliandika jina moja, halafu maneno. "Muthama wa Syombua." "Muthama kigugumizi." "Muthama wa ng'ombe mwekundu." "Muthama aliyeoa mara mbili siku moja." Huku kwetu mtoto hupewa jina la babu, na babu alipewa la babu yake, kwa hiyo majina yanazunguka mahali pamoja kama ndama aliyefungwa kwenye kigingi. Mutisya walikuwa kumi na mmoja. Wayua walikuwa kumi na wanane. Na kurasa za mwisho, chini ya msalaba uliochorwa kwa rula, kulikuwa na waliotangulia mbele ya haki, nao pia kwa maneno yao: "Mutisya wa kinanda." "Wayua mkali."

Muthama alichapa yote kwa siku mbili, akilalamika. Kisha akatazama kazi yake akaona ni chafu.

"Data lazima ioshwe," alimwambia mama yake, aliyekuwa akichambua ndengu kando. "Ona. Kwa mstari mmoja tu." Akabonyeza. Kwenye kila mstari likabaki neno la kwanza peke yake, safi, limenyooka, kama nywele zilizotoka saluni.

Syombua aliinama hadi kwenye kioo cha kompyuta. "Haya maneno mengine yameenda wapi?"

"Nimeyatoa. Takataka hizo, mwaitu. Kompyuta haipendi umbea."

"Si umbea."

"'Aliyeoa mara mbili siku moja' si umbea?"

"Si umbea, Muthama. Hao ndio watu wenyewe."

Lakini kijana alikuwa ameshasonga mbele. Aliandika skripti, mistari kumi na tisa, akabakisha mmoja kwa unyenyekevu. Isome orodha. Yeyote ambaye jina lake liko kwa waliotangulia, imwondoe, ili maji yasiende kwa marehemu. Maji yaliyobaki iwagawie walio hai sawasawa. Kila mwenye zamu apate meseji. Na kwa kuwa kikundi cha kisima cha Wendo kilikuwa na desturi nzuri ya kutuma rambirambi mwanachama anapofariki, akaiagiza nayo ifanywe papo hapo.

Jumatatu asubuhi akabonyeza. Sekunde mbili. Alikuwa amedai tatu, akajikuta amezidisha ahadi yake.

*

Mtu wa kwanza kufa alikuwa Mutisya fundi viatu, akiwa msalani.

Simu ililia, akasoma: *Poleni kwa kuondokewa na mpendwa wetu MUTISYA. Zamu yake ya maji imesitishwa. Mungu ailaze roho yake pema.* Alitoka akiwa ameshika suruali, akauliza ni Mutisya gani amekufa. Nyumba ya pili, Mutisya mwingine alikuwa anauliza vivyo hivyo. Hadi saa mbili akina Mutisya wote kumi na mmoja walikuwa barabarani wakipeana pole. Akina Wayua walianza kulia wakiwa jikoni, kila mmoja akimlilia mwenzake, kisha wakakutana njiani.

Kwa kuwa mtu akifiwa Nuu huendi kwake mikono mitupu, watu walibeba vitu: kuni, maharagwe, sufuria kubwa ya kanisa. Walipokosa matanga ya kuvipeleka, wakaelekea kisimani, ambako angalau habari hupatikana.

Kisimani alikuwepo Nthiwa, mlinzi wa mfereji, mtu mwembamba aliyewahi kuwa askari jela na hakuacha. Orodha ilikuwa imefika kwenye simu yake. Aliisoma mara mbili, akavaa kofia.

"Kanuni ni kanuni," alitangaza. "Atakayechota ni aliye hai. Walio hai ni kumi na tisa."

"Na sisi?" akauliza Mutisya fundi.

"Poleni sana."

"Nthiwa, mimi si niko hapa? Si unaniona?"

"Kuona si ushahidi. Lete barua kutoka kwa naibu wa chifu kwamba uko hai."

"Nilienda. Ameniambia nilete cheti cha kifo kwanza, ndiyo akifute."

"Basi umeanza vizuri."

Mtu akachungulia simu ya Nthiwa, akacheka. "Lakini hata wewe umo! 'Nthiwa. Ameondolewa.'"

Nthiwa alitazama. Ni kweli. Akaweka kofia sawa. "Mimi nimekufa nikiwa kazini," alisema. "Foleni!"

Foleni ilikuwa ya watu wachache, wala wao wenyewe hawakuelewa. Maneno yalipofutwa, jina lililopona ni lile ambalo hakuna babu marehemu aliyelivaa. Yvonne wa saluni, mpangaji wa chumba kimoja, mwenye mitungi miwili, alipewa mitungi arobaini na minne. Sandra, wa gredi ya pili, aliyeandikishwa na mama yake kwa kuwa mama hakutaka deni liwe na jina lake, alipewa arobaini na minne. Mchungaji Thuo arobaini na minne. Ukoo mzima wa waliozaliwa Nuu, wakaitwa kwa heshima ya wazee wao, ulikuwa ardhini, na juu ya ardhi wamebaki watu wa majina ya televisheni na mchungaji wa Nyeri.

"Nitaweka wapi maji haya yote?" Yvonne alilia. "Nioge mpaka Krismasi?"

"Tuuzie, mama."

"Hauzi kwa marehemu," akasema Nthiwa.

Mchungaji aliombwa atoe mwongozo: je, Maandiko yanasema nini juu ya marehemu kuteka maji? Alifikiri. Alisema yuko tajiri mmoja aliyeomba tone tu ulimini akiwa kuzimu, akakataliwa. Watu hawakufurahia.

Ndipo Mzee Kasyoki alipofika. Naye alikuwa amekufa, na hakulipenda hilo. "Jina langu ni Kasyoki," alinguruma. "Nyinyi mnajua maana yake ni aliyerudi. Basi nimerudi! Katibu yuko wapi?"

Syombua alikuwa kwenye foleni ya waliokufa, mitungi yake minne miguuni, ufunguo shingoni. Palikuwa na Syombua mwingine aliyefariki mwaka juzi, Syombua wa tumbaku. Asubuhi hiyo alikuwa amepokea rambirambi zake mwenyewe, akazisoma polepole kwa macho yake mabovu, akasema tu, "Hata mimi?"

"Mama Muthama," alisema Kasyoki, na ile sauti ya chini ilitisha kuliko ya juu. "Miaka kumi na mmoja. Leo umetuua. Na hii lugha ya mwanao, nimeuliza. Nimeambiwa jina lake ni Paithoni. Yvonne ametazama kwa simu. Ni chatu."

"Nyoka?" watu wakaguna.

"Nyoka! Amina tuliitikia nyoka!"

Mama aliyelia safu ya tatu akaomba machozi yake yarudishwe.

"Sema," alisema Kasyoki. "Nani ameharibu orodha? Kama ni wewe, toa ufunguo."

Muthama wakati huo alikuwa amekwenda kidogo nyuma ya kioski cha kisima, kukagua tangi kuukuu la plastiki lenye ufa. Aliposikia jina la mama yake likitajwa namna ile, alitoka. Watu walimpisha. Alisimama katikati yao, mrefu, kifua mbele, akasema kwa sauti isiyotetemeka:

"Mzee, ni mimi. Mama yangu aliandika sawa. Mimi ndiye niliyefuta maneno yake, naye alinikataza. Kosa ni langu, na kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi."

Kisha Mzee Kasyoki akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeona jambo ambalo hajaliona kwa vijana wa siku hizi. "Huyu ni mwanamume," alisema. Akauacha ufunguo shingoni mwa Syombua. Daftari likarudishwa, pamoja na maneno yake yote, na waliokufa wakafufuka mchana ule, watu mia moja na tisini na watatu, wakachota maji. Maharagwe ya matanga yalipikwa papo hapo na kuliwa na marehemu wenyewe.

Mwisho.

*

"Mwisho?" aliuliza Nthiwa.

"Mwisho," alisema Muthama, akainua macho kutoka kwenye laptopu. Ilikuwa likizo ya Agosti, saa nne asubuhi, na walikuwa wameketi kivulini mwa kioski, foleni ya siku ile ikisubiri pampu ipate nguvu. "Nataka kuituma kwa jarida la chuo. Umeonaje?"

Nthiwa alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyeweka kitu humo. "Mwanzo ni mzuri. Ile ya kufa nikiwa kazini nimeipenda. Umeniandika vizuri."

"Asante."

"Wewe pia umejiandika vizuri." Akavaa kofia. "Hapo kwa tangi. Ulitoka saa ngapi?"

"Si nimeandika? Niliposikia jina la mama."

"Mimi nauliza saa. Kwa sababu nakumbuka nilipita na kikombe cha maji saa saba, nikakipitisha kwenye ule ufa, mkono ukatoka ukakipokea. Nikapita tena saa tisa, mkono ukatoka tena. Sasa kama ulitoka ukahutubia watu saa tatu asubuhi, Kasyoki alipouliza, ule mkono ulikuwa wa nani?"

Muthama alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefutwa.

"Palikuwa na jua," alisema mwishowe. "Na ni hadithi tu, Mzee Nthiwa. Hadithi hunyooshwa kidogo."

"Kunyoosha nako nakujua. Hata hiyo 'mrefu' mimi nimeinyamazia." Nthiwa alishusha sauti. "Lakini mimi ndiye nilikuwa hapa. Kasyoki aliuliza nani ameharibu. Mama yako akasema, 'Ni mimi. Niliandika vibaya, macho yangu. Mtoto alinakili tu.' Akauvua ufunguo mwenyewe, hakungoja avuliwe. Ule uzi ulinasa kwa kitambaa chake cha kichwa, akahangaika nao mbele ya watu wote, na hakuna aliyemsaidia. Hilo sijalisikia hapa."

Muthama alijifanya anasoma kioo cha laptopu.

"Ufunguo uko wapi leo?"

Kavata alikuwa amesimama pale mferejini, ufunguo shingoni kwa mnyororo wa kung'aa, akiita majina kutoka kwenye karatasi na kuuliza kila mara, "Muthama yupi? Wayua yupi?" na watu wakipiga kelele, na nusu ya asubuhi ikiishia hapo.

"Na yule wa kumi na saba kwa foleni?" aliuliza Nthiwa. "Mwenye mitungi minne?"

Alikuwa Syombua. Alikuwa ameinamisha kichwa, akikiviringisha kifuniko cha mtungi kati ya vidole, kama mtu anayehesabu shanga.

"Hiyo kompyuta yako," alisema Nthiwa. "Si ulituambia inaweza kubadilisha neno moja kila mahali lilipo, kwa mara moja?"

"Inaweza."

"Mstari mmoja?"

"Mmoja tu."

"Basi kuanzia hapa toa 'Muthama'. Weka 'mimi'."

Muthama aliangalia vidole vyake kwa muda. Kisha akabonyeza.

Nikafunga laptopu. Nikasimama, na kusimama kwangu hakukuwa na urefu wowote wa ajabu. Nilitembea hadi kwa mtu wa kumi na saba, nikapita wa kumi na sita, wa kumi na tano, wote wakinitazama wakidhani nataka kuruka foleni. Nilipofika mbele, miguu ilitaka kwenda kukagua tangi. Niliishika.

"Ile orodha ya mwezi wa nne," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, ya mbuzi. "Mama yangu hakukosea. Ni mimi nilifuta maneno yake. Alinikataza, nikafuta. Halafu akasema ni yeye, na mimi nikamwachia."

Kavata aliacha kuita majina. Pampu ilikohoa, ikanyamaza. Kule nyuma kabisa mtu ambaye hakuona vizuri akauliza, "Nani huyo anaongea?"

"Ni Muthama," akajibiwa.

"Muthama yupi?"

Watu walianza kuangaliana, maana hapakuwa na daftari la kuwaambia. Mama yangu hakuinua kichwa. Aliendelea kukiviringisha kile kifuniko cha mtungi, na bila haraka, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani anapoandika, akasema:

"Yule wa ndani ya tangi."